Ukurasa wa Sitini na Moja

Kibao changu kinasema FUNDI VIATU, na sijakibadili,
ila tangu mwaka ule mvua ilipovujia kabati za shule Ngamiani
wananiletea na vitabu.
Sindano ni ile ile. Uzi wa katani, nausokota mwenyewe.
Gundi haijui tofauti ya soli na jalada.

Hapa barabara ya kumi na tatu simuulizi mtu
anapenda kitabu gani.
Kisichopendwa hakivunjiki.
Kinakaa kabatini kimenyooka kama mgeni wa harusi,
hakijui doa la mchuzi.

Riwaya ya Nesi Mhando imeachana pale penye sumu.
Sura hiyo ameirudia hadi herufi zimepauka.
"Soma, fundi, hutalala," ananiambia,
nami chai yake naipokea kwa tahadhari.
Sechonge, karani mstaafu wa mashamba ya mkonge,
anaapa hakuna kitabu kama chake cha ufugaji nyuki.
Hajafuga hata mmoja. Anawaogopa.
Wanakutana kwenye benchi langu,
huyu anangoja kisigino, yule jalada,
wanabishana mpaka adhuhuri,
na jioni nasikia nyuki wamelala kwa nesi.

Mimi? Nimesoma vitabu vingi, lakini katikati tu,
pale vilipochanika.
Namjua bibi harusi aliyetoroka.
Alikotorokea, simo.

Sasa nikiri.

Usiku wa Ramadhani, umeme umekatika,
mezani nilikuwa na viwili.
Cha Mbwana Shekilindi, historia ya ndege,
kizito kama tofali: mabawa ya turubai,
wanaume wa miwani mikubwa waliopaa mara ya kwanza,
wengine ikawa ndiyo ya mwisho.
Shekilindi alijaza ndege mafuta uwanjani kwetu
miaka ishirini na tisa
na hajapanda hata moja.
Na cha Mwanakheri, umri miaka sita, cha picha,
cha kuku aliyetaka kujua juu ya paa kuna nini.
Mwisho wake walikula panya.

Nilishona kwa koroboi.
Nilikosea karatasi moja.

Asubuhi Mwanakheri huyo, mbio, kandambili mkononi.
"Kumbe anafika!"
Akanifungulia. Kuku juu ya banda, kanyoosha shingo,
geuza,
ukurasa wa sitini na moja:
ndege nyeupe juu ya mawingu,
kivuli chake kidogo kama kokwa ya ukwaju.
"Si ndege huyu?" kidole kikiwa juu ya bawa.
Ndege huyu, kasema, si ndege hii.
Mwalimu angemsahihisha.
Mimi nina misumari mdomoni, nilinyamaza.

Saa nne akaja Shekilindi, ameshahesabu.
"Sitini, halafu sitini na tatu.
Fundi, ndege yangu imetua wapi?"
Nikamwonyesha kwa nyundo: barazani ng'ambo,
Mwanakheri anamsomea mdogo wake,
au anamdanganya, maana kusoma bado.

Akavuka. Akachutama, magoti yakalia.
Akakisoma chote kwa sauti,
hakuacha hata kokoriko moja,
na alipofika kwenye mawingu akanyamaza muda,
kisha nikamsikia:
"Hapa juu baridi. Kuku amevaa nini?"
Wakaanza kugombana kuhusu sweta.

Aliporudi nilikuwa nimeshika wembe,
tayari kukata uzi na kurudisha mali ya watu.
Akaufunika mkono wangu.
"Na langu pengo usilizibe.
Nikifika hapo nitajua umeruka."

Tangu hapo anamsumbua nesi:
acha sumu zako mama, soma cha kuku.

Nilimtoza nusu. Ile nusu nyingine
bado anabisha kwamba mdaiwa ni mimi.